Tundu la Kupumulia

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, na watu walimwita Fundi Sikio. Kinyozi wa jirani alipenda kuwaambia wateja kwamba jina lilitokana na ukubwa wa masikio yake. Si kweli. Lilitokana na kusikiliza. Ukimletea fremu ya zamani, ile iliyotengenezwa kwa mkono, hakuangalia rangi wala nembo, maana rangi hupakwa na nembo hubandikwa. Aliining'iniza kwa kamba, akafumba macho, akaigonga bomba moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Bomba zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti fupi na kunyamaza. Baada ya hapo ndipo alipochukua vipimo vyake, akakwambia fremu ina miaka mingapi na imepitia mikono ya nani.

Ninasimulia haya nikiwa na akili zangu timamu. Mimi ni mtu wa sala. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na sina sababu ya kumtungia uongo mtu niliyeishi naye miaka thelathini na moja.

Karakana yetu ni chumba kimoja kilichoungana na nyumba. Unatoka jikoni, unashuka ngazi mbili, umefika. Kazi yangu mle ilikuwa kushika taa. Gesi ikiwashwa kelele ni nyingi na yeye huwa amefunika uso, kwa hiyo tulikuwa na lugha yetu. Akigonga meza mara moja kwa ukucha, nisogee karibu. Akigonga mara mbili, nirudi nyuma. Miaka yote hiyo hatukuhitaji maneno zaidi ya hayo.

Jumanne moja asubuhi alikuja mshonaji wa mtaa wa nyuma, yule tunayemwita Mama Cherehani. Alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Alibeba fremu iliyofungwa kwenye shuka, na uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umefungwa pembeni kwa kamba. Hakuiweka mezani. Aliilaza sakafuni, akarudi hatua moja.

Alisema hataki kuiuza wala kuitengeneza. Ilikuwa ya marehemu. Anataka kujua mambo mawili tu, nani aliitengeneza na mwaka gani.

Mume wangu alipoifunua shuka, uso wake ulibadilika kama wa mtoto aliyeletewa zawadi. Viungo vyake vilikuwa vimepigwa tupa hadi vikawa na ncha kama za jani. Kinyozi alikuja kuchungulia na taulo lake begani, akaniambia, "Shemeji, umeletewa mke mwenza. Mwembamba, lakini mifupa yake imara."

Tulicheka. Mama Cherehani hakucheka. Alikwishaondoka.

Siku nzima mume wangu aliikagua. Alianza pale chini pedeli zinapopita, maana hapo ndipo fundi wa zamani alipogonga namba, na namba ndiyo inayofungua mwaka. Namba ilikuwepo, lakini mtu alikuwa ameijaza shaba njano ikafunikwa kabisa. Akapima upana wa nyuma gurudumu linapoingia. Ulikuwa mwembamba, wa zamani sana, kabla babu yangu hajaoa. Lakini kishikio cha taa kilikuwa cha miaka mingi baadaye, na hakikuongezwa, kilizaliwa na fremu. Akakwangua rangi kidogo. Chini ya nyeusi ilikuwa kijani, chini yake nyekundu, kisha bluu, kisha nyeupe. Kila rangi ilitoa mwaka wake, na hakuna mwaka uliokubaliana na mwenzake.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa ni tupa. Aliwahi kunifundisha kwamba kila fundi ana mkono wake kwenye tupa, kama mwandiko. Mkono wake mwenyewe ningeutambua popote. Kidole chake cha shahada cha kushoto kilikatika kwenye kiungo zamani, kwa hiyo tupa yake ililala upande, ikaacha mistari iliyoinama kama mvua inayosukumwa na upepo. Kwenye fremu hii aliona mikono mitano. Yote ya mafundi wazuri. Na kila mkono ulikuwa kwenye bomba lake, pembeni mwa nukta ya shaba ndogo kama punje ya mchele.

Aliniita na taa. "Ona. Haya yalikuwa matundu. Mtu katoboa, mtu kaziba."

Nikamuuliza kuna ajabu gani hapo.

Akanieleza taratibu. Fundi anapounganisha mabomba kwa moto, hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Kwa hiyo huacha kitundu kidogo mahali pasipoonekana, hewa itoke. Wao hukiita tundu la kupumulia. Bomba likifungwa bila tundu kisha likatiwa moto, linaweza kupasuka usoni mwa mtu. Fremu hii haikuwa na tundu hata moja. Aliyeitengeneza alifunga kila bomba, kwa makusudi, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kuacha wazi.

Kisha akaining'iniza, akafumba macho, akagonga. Bomba la juu halikulia. Lilitoa sauti fupi, kama kengele iliyoshikwa kwa kiganja. Manne ya nyuma vivyo hivyo. La chini, lile nene linaloshuka hadi kwenye pedeli, lililia vizuri, likachukua muda mrefu kunyamaza. Mabomba mawili ya uma wa mbele yakalia pia.

"Haya matano yamejaa kitu," alisema. "Haya matatu ni matupu."

Jumatano aliamua kuyeyusha ile shaba iliyofunika namba. Lakini bomba la chini limeshikana na mahali pale, na lina hewa, na halina tundu. Fundi mzembe angewasha moto hivyo hivyo. Mume wangu hakuwa mzembe. Alifanya kile alichofundishwa tangu ujana wake, kile ambacho fundi yeyote makini angefanya. Alipiga nukta kwa patasi ndogo ili drili isiteleze, akabana fremu kwenye jiliwa, akatoboa tundu la kupumulia.

Nilikuwa nimeshika taa.

Drili ilipopita, hewa ilitoka. Hilo tulilitarajia. Lakini ilitoka polepole, na ilikuwa ya moto, na haikuisha. Vumbi la chuma juu ya meza lilisogea, likafika ukingoni, likamwagika. Nilihesabu hadi arobaini. Ilikuwa na harufu. Si ya kutu wala ya mafuta. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka.

Kisha ikakoma. Kisha vumbi likaanza kurudi.

Lilitambaa juu ya meza punje kwa punje, likapanda kwenye bomba, likaingia tunduni.

Nikamwambia aiache. Akasema ni mambo ya joto na baridi tu, hewa hutoka na hurudi. Akasema vumbi likibaki ndani litaharibu kazi. Akainama, akaweka midomo yake kwenye tundu, akapuliza, kama anavyofanya kila siku.

Hakuinuka.

Niliona mashavu yake yakiingia ndani. Niliona mkono wake ukitafuta meza. Ukucha wake ukagonga mara mbili. Nikarudi nyuma, Mungu anisamehe, nikarudi nyuma kwa mazoea wakati nilipaswa kumvuta. Kisha midomo ikaachia kwa sauti ndogo, kama kizibo cha chupa. Akasimama, akajipangusa. Kwenye mdomo wake wa chini palikuwa na alama ya duara, ndogo kama punje ya mchele.

"Nimebanwa kidogo," alisema. Hakuwasha gesi siku ile. Hakuiwasha tena.

Tangu siku hiyo nyumba aliiona ndogo. Aliomba milango iachwe wazi. Aliacha kuvaa shati la vifungo. Tukisali pamoja, pumzi ilimwishia katikati ya sala na mimi nikamalizia sehemu yake. Daktari alimpima, akasema mapafu ni safi, ni uchovu wa kazi. Mume wangu alimshukuru. Njiani kurudi aliniambia kwamba chumba cha daktari kilikuwa kirefu sana na chembamba sana. Nilikuwa nimeingia naye. Kilikuwa chumba cha kawaida.

Siku ya tano alinikuta nikikuna nazi jikoni.

"Jana asubuhi ulifagia karakana," alisema.

"Ndiyo."

"Ulivaa gauni la kijani."

Nikamwambia jana asubuhi alikuwa sokoni kununua spoku, mimi mwenyewe nilimsindikiza hadi barabarani.

"Nilikuwa sokoni." Aliinamisha kichwa, akanong'ona. "Nilikuona kwa kitundu. Kulikuwa na giza, na mwanga mdogo, na wewe ulikuwa kwenye mwanga. Nikakuita. Ukafagia hadi karibu na uso wangu."

Nikamuuliza kama alikuwa peke yake.

Akatoka kwenda kuketi uani.

Siku ya tisa alikufa. Ilikuwa mchana, jua limewaka, ameketi uani kwenye kiti chake, mahali penye hewa kuliko pote nyumbani kwetu. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga, kama samaki. Mikono yake ilikuwa imebanwa mbavuni na miguu imenyooka, kama mtu aliyelazwa mahali pasipo na nafasi ya kugeuka. Kinyozi alikuja mbio. Sisi wawili hatukuweza kuinyanyua mikono ile.

Wanaume walioosha mwili walinijia kwa adabu, wakaniuliza marehemu alikuwa na kazi gani ya mwisho. Walikuta unga wa njano chini ya kucha zake zote. Unga wa shaba. Nikawaambia hakugusa shaba kwa siku tisa. Mpira wa gesi ulikuwa umeviringishwa vile vile alivyouacha.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia karakana kufunika vifaa. Fremu ilikuwa kwenye jiliwa. Asubuhi ya kifo chake niliona tundu liko wazi, jeusi, kama jicho la mdudu. Sasa lilikuwa limezibwa.

Shaba njano. Ndogo kama punje ya mchele. Na pembeni mwake mistari myembamba ya tupa, imeinama upande, kama mvua inayosukumwa na upepo.

Nikagonga bomba la chini kwa ukucha. Halikulia.

Mezani lilikuwa daftari lake la fremu. Kila fremu aliyoikagua aliiandikia mstari mmoja, mwenyewe, aliyeitengeneza, mwaka. Kwa hii alikuwa ameandika jina la Mama Cherehani, akaacha nafasi ya pili wazi, na kwenye mwaka akaandika maneno mawili kwa hati yake nzuri.

Haijamaliza kutengenezwa.

Niliifunga kwenye shuka nikairudisha kwa mwenyewe. Mama Cherehani alinifungulia akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Alipoona nilichobeba, alikaa. Hakuninyooshea mkono kuipokea. Alisema mumewe alikuwa fundi mabati, alitoboa bomba la juu ili afunge kishikio cha chupa ya maji. Alipuliza vumbi. Siku ya tisa akafa shambani, mahali pa wazi, mikono mbavuni.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza.

"Nilitaka jina tu. Nilidhani fundi wako ataangalia, hatatoboa. Nikimjua aliyeitengeneza, nimwombee au nimlaani, nipumzike." Akanitazama. "Anakugongea?"

Nikasema hapana.

"Atakugongea. Usiitikie."

Nilirudi nayo nyumbani. Sitawaficha, niliudhika naye sana, na bado sijaweza kumsamehe vizuri, ingawa nasali niweze. Kinyozi alisema ataipeleka kwa wanaoyeyusha vyuma chakavu. Nilikuwa nimeshaishika nimpe. Kisha nikafikiria tanuru. Ninaamini pumzi ni ya Mungu, aliitoa na kwake inarudi. Kama ya mume wangu imerudi, fremu hii ni chuma tu. Kama haijarudi, siwezi kumtia mume wangu motoni kwa mikono yangu. Nikaitundika ukutani pamoja na uma wake, nikafunga mlango.

Wiki ya pili nilimsikia. Nilikuwa jikoni. Ukucha juu ya chuma, mara mbili.

Nilishuka zile ngazi. Nilikuwa nimechukua drili ya mkono, nawaambieni kweli. Nilitaka kumfungulia. Niliweka ncha ya drili juu ya ile shaba. Mara mbili tena, kwa nguvu. Rudi nyuma. Nikasogeza ncha tena. Mara mbili, mara mbili, mara mbili, hadi nikaiweka drili chini nikalia.

Nilielewa. Alikuwa humo, na hakutaka nifungue.

Tangu hapo nikawa nasali karakana. Napiga magoti mbele ya ukuta ule, nasoma sala yake na yangu, na nikimaliza ananigongea mara mbili, nami narudi nyuma hadi mlangoni. Binti yetu hupiga simu, ananiambia, mama, uza nyumba uje tukae. Namjibu nitakuja. Siwezi kwenda. Nikiondoka, nani atamalizia sala yake?

Siku moja Mama Cherehani alikuja bila kuitwa. Alikuwa amekonda. Aliniomba aachwe na fremu kwa muda mfupi. Nikamwambia yeye ndiye aliyenikataza kuitikia.

"Wako anagongaje?" aliniuliza.

"Mara mbili."

"Wangu mara moja. Kila siku mara moja, hadi chumbani kwangu." Akaonyesha bomba la kulia la uma wa mbele. "Na ona, kaniwekea nukta. Nani angeipiga kama si yeye? Ananionyesha pa kumfungulia."

Nukta ilikuwepo, imepigwa kwa patasi ndogo, ile fundi anayoipiga ili drili isiteleze. Jana yake haikuwepo. Nilimwambia bomba lile si la mumewe, mumewe yuko juu, lile ni tupu. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama anayemsikiliza mtu mwingine. Nikaenda jikoni kumchotea maji. Niliporudi alikuwa amepiga magoti, drili iko sakafuni, midomo yake imegusa chuma.

Walimkuta siku ya tisa kwenye cherehani yake, dirisha wazi, mikono mbavuni. Nilirudi nyumbani kutoka mazishini, nikagonga lile bomba. Halikulia. Shaba yake ilikuwa imesuguliwa kwa mistari mifupi iliyofuatana sawasawa, kama mshono.

Kwa hiyo limebaki moja linalolia. La kushoto la uma.

Nililifunga kwa kitambaa. Nikaweka kufuli mlangoni, ufunguo nikampa kinyozi. Sali jikoni, nilijiambia, Mungu hana chumba. Kwa siku kumi na sita nilisali jikoni, na kwa siku kumi na sita nilisikia kule ndani ukucha ukigonga mara mbili, kila siku kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayechoka kusukuma mlango.

Leo asubuhi haukugonga mara mbili.

Umegonga mara moja.

Ni ukucha wake. Miaka thelathini na moja, siwezi kukosea.

Nilikwenda kwa kinyozi kuomba ufunguo. Akaniangalia akiwa ameshika mkasi, akasema, "Shemeji, ufunguo ulinipa lini?" Nilitafuta mfukoni mwa gauni. Ulikuwepo.

Kitambaa nimekikuta sakafuni, kimekunjwa vizuri. Bomba la kushoto lina nukta. Imepigwa katikati kabisa, kazi safi, na pembeni rangi imesuguliwa kwa tupa iliyolala upande.

Nimepiga magoti mara moja tu, kuipima kimo. Inalingana na midomo yangu.